Jibu ni Amina Tu

Kanuni za kundi niliziandika mimi mwenyewe, sitamsingizia mtu. Kundi letu la WhatsApp linaitwa Umande wa Asubuhi, lina watu mia na arubaini wa kanisa letu hapa kisiwani. Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla sijaenda ofisini bandarini, natuma aya moja yenye picha ya ua. Kanuni ya kwanza: Neno tu. Ya pili: hakuna biashara. Hiyo niliiweka kwa ajili ya Bonface, dereva wa lori, aliyetubandikia picha za matairi makuukuu chini ya Zaburi ya ishirini na tatu. Ya tatu: jibu ni Amina tu.

Nililionea fahari kundi lile. Mchungaji alinitaja ibadani, akasema, "Dada Nekesa anatutia moyo kila siku," nami nikainamisha kichwa kinyenyekevu, kumbe ndani nimeumuka kama unga wa mahamri.

Jumatatu moja, dakika chache baada ya aya, Joab akaandika: "Leo sijui nitainukaje."

Joab ni fundi wa kanzu pale Ndia Kuu, mtu wa Vihiga, Mkristo anayewavika nusu ya mabwana harusi wa Mji wa Kale. Yeye hukata na kushona. Mkewe Jacinta ndiye aliyekuwa akidarizi shingo kwa mkono. Jacinta alifariki miezi mitatu iliyopita. Tuliimba, tukapanda basi hadi Vihiga, tukazika, tukarudi. Kwangu mimi kazi ilikuwa imekwisha.

Niliyasoma maneno yake mswaki ukiwa mdomoni. Nikaona kanuni ya tatu imevunjwa, na nawajua watu wetu, akianza mmoja kulia shida wengine hufuata. Nikayafuta. Nikaandika: "Wapendwa, tuheshimu kanuni. Hapa ni mahali pa kuinuana." Kuinuana! Amina thelathini na nane zikashuka mfululizo. Ya kwanza ilikuwa ya Mzee Nicodemus, ambaye huandika Amina hata kabla ua halijafunguka. Chini yake ukaja mstari mdogo wa kijivu: Joab ametoka.

Nikajiambia amekasirika, atarudi. Nikaenda zangu kazini.

Jumatano jioni, Bi Ummulkheir, mwenye nyumba ninayopanga huku Kibokoni, alinikuta ngazini amekwisha kujitanda buibui, mkononi ana chupa ya chai na mkate wa sinia uliofunikwa.

"Ndoo twende kwa Joab," akasema. "Siku ya tatu leo hakufungua duka."

Nilijua kanzu ya mjukuu wake Hussam iko kwa Joab, na harusi ni Ijumaa. Nikadhani anakwenda kuidai.

"Si tumpigie simu kwanza, Mama?"

"Simu ya nini? Mkewe alipokufa mimi nilikuwa Lamu kwa binti yangu. Sijenda kumhani."

"Lakini ni miezi mitatu sasa."

Akanitazama juu hadi chini. "Kwani amefufuka?"

Nikamfuata. Njia nzima nilikuwa nikitafuta aya kwenye simu, maana sijui kumwendea mtu mikono mitupu.

Joab anaishi chumba cha nyuma ya duka. Alitufungulia akiwa na ndevu za siku nyingi, shati amelivaa ndani nje. Nilishtuka. Jumapili mbili zilizopita nilikuwa nimempungia mkono kanisani, wala sikuona kitu.

"Makiwa, mwanangu," akasema Bi Ummulkheir, akimpa pole ya msiba.

Joab ameshona kati ya watu hawa miaka kumi na mitano. Jibu analijua.

"Tunayo," akasema, na hapo hapo akaanza kulia.

Bi Ummulkheir akaketi mkekani, akamimina chai, basi. Mimi kimya sikiwezi. Nikafungua kinywa, "Ndugu Joab, Neno linasema..." Bi Ummulkheir akanibana goti, tena si kwa upole. Nikakifunga. Tukakaa hivyo hadi chai ikaisha na muadhini akaadhini Magharibi. Bi Ummulkheir akaenda kuswali pembeni, akarudi, akaketi tena. Mimi sikujua pa kuiweka mikono yangu. Mwaka mzima nilikuwa nawatia watu moyo bila kuutazama uso wa hata mmoja wao.

Mwishowe Joab akainuka, akaleta kanzu ya Hussam. Shingo ilikuwa imedariziwa nusu. Sindano ilikuwa bado imechomekwa pale Jacinta alipoiacha.

"Jumatatu niliamka nikaketi nayo," akasema. "Nilishindwa kuichomoa sindano. Nisamehe, Mama. Cherehani nimeshampa mtu. Jumamosi narudi Vihiga. Hapa sina mtu."

"Hussam ana kanzu nyingine," akasema Bi Ummulkheir. "Hii na ingoje. Na hapa huna mtu vipi? Mimi ni kiti?"

Joab akatabasamu kidogo, lakini hakusema kwamba atabaki.

Nikamwuliza kwa aibu, "Mbona hukunipigia, ndugu yangu?"

"Jacinta ndiye aliyekuwa akinisomea aya yako kila asubuhi," akasema. "Alipoondoka, nikawa naamka kwa mlio wa simu. Aya zenyewe sikuwa nikizisoma, dada, nisikudanganye. Ni ule mlio. Jumatatu niliandika kwa sababu nilijua saa ile yuko mtu mmoja aliye macho."

Hapo nililia. Nasema kweli, sikumlilia Jacinta wala Joab. Nilikuwa macho, na nilimfungia mlango.

Kabla hatujaondoka nilimwomba ruhusa ya jambo moja. Akakubali.

Alhamisi saa kumi na moja na nusu sikutuma ua. Nilimrudisha Joab kundini, kisha nikaandika: "Jumatatu ndugu yetu Joab alituambia hapa, Leo sijui nitainukaje. Mimi Nekesa nikayafuta maneno yake. Namwomba msamaha mbele yenu. Jumamosi anatuhama kwa kuwa anaona hapa hana mtu. Anakaa nyuma ya duka lake, Ndia Kuu. Kanuni ya tatu nimeifuta."

Nikaketi kitandani, simu mkononi.

Amina. Mzee Nicodemus, nani mwingine! Nilitaka kuirusha simu dirishani. Kisha, mbele ya macho yangu, ile Amina ikatoweka, pakabaki maandishi ya kijivu kwamba ujumbe umefutwa. Mzee alikuwa amesoma, pengine kwa mara ya kwanza tangu nimwingize kundini.

Alama zilionyesha watu sitini wamesoma, kisha themanini, kisha mia moja. Hakuna aliyeandika. Nikaomba bila aya yoyote: Bwana, hata mmoja.

Kisha Bonface, yule wa matairi, akaandika: "Niko Kibarani. Nimeegesha lori, naja na boda. Joab, bandika chai."