Kona ya Juu, Upande wa Dereva

Mama Vioo alikuwa ameweka vioo vya magari kwa miaka kumi na tisa, na kazi ilikuwa imemfundisha kwamba mteja msumbufu si yule asiyejua kitu. Asiyejua kitu hukaa kwenye benchi akasubiri. Msumbufu ni anayejua kidogo, na anayejua kidogo akiwa shemeji yako, basi siku imekwisha kabla haijaanza.

Shemeji mwenyewe alikuwa kaka mkubwa wa mumewe, karani wa mahakama aliyestaafu, mtu wa kupiga suruali pasi hata akienda kununua chumvi. Ndugu wote walimwita Karani. Asubuhi hiyo aliingia gereji saa mbili kamili, akiendesha gari la marehemu baba yao bila kioo cha mbele, macho mekundu kwa vumbi, tai imerukia begani. Lilikuwa gari la zamani, rangi ya maziwa, la kizazi ambacho viwanda vilikwisha kukisahau. Kioo chake kilikuwa na ufa kwa miaka kumi na minne, na mwezi uliopita kilikuwa kimekata tamaa kabisa. Kingine kama hicho Karani alikitafuta mpaka akakipata kimoja tu. Kilikuwa kwenye kiti cha nyuma, kimefunikwa blanketi, na pembeni yake ile mikanda myembamba ya nikeli inayopendezesha kingo za kioo, imeviringishwa kwenye shuka kama mgonjwa.

"Shemeji," alisema kabla ya salamu, "kioo hiki hakina mwenzake duniani."

"Nimesikia, shemeji. Shikamoo."

"Marahaba. Hakina mwenzake."

Kwa gari la namna ile, kioo hakigandishwi kwa gundi. Huvalishwa mpira mnene ukingoni pande zote, mikanda ya nikeli hupachikwa kwenye mfereji wa mpira kioo kikiwa bado mezani, kisha kamba nyembamba ya nailoni huzungushwa upande wa ndani. Mmoja husukuma kioo kutoka nje, mwingine hukaa ndani akivuta kamba taratibu, na kamba inapotoka huuvuta mdomo wa mpira ukashika fremu. Maji ya sabuni hulainisha mambo. Ni kazi ya subira, na ukiwa na mtu mzuri upande wa pili ni kazi ya nusu saa.

Mtu wa upande wa pili alikuwepo. Alikuwa fundi bodi wa banda la jirani, mzee mfupi mwenye mikono kama makasia, ambaye kwa uchache wa maneno yake waliomzunguka walimwita Kimya. Mama Vioo akaingia ndani ya gari, Kimya akakaa nje, na Karani akasimama katikati ya kila kitu.

"Anza juu, shemeji. Maji hushuka kutoka juu."

"Tunaanza chini. Kikikaa chini, juu kinajileta."

Chini kilikaa. Pembeni kikakaa. Juu kikajileta, isipokuwa kona moja, ya upande wa dereva, ambapo palibaki mwanya wa kupitisha kidole. Kimya akapiga kofi la kiganja, mara mbili, mara tatu. Kona haikusogea. Wakakitoa.

"Ni kamba," Karani alisema. "Nyembamba mno. Nilikuja na yangu."

Mama Vioo alijua kwamba kamba nene itaukata mpira. Alisema hivyo, akarudia kwa sauti ya chini zaidi, kisha akaitumia, kwa sababu kuna ubishi ambao humalizwa na kushindwa tu. Kamba ikakata mdomo wa mpira urefu wa ukucha. Wakakitoa. Akaziba jeraha kwa gundi, akasubiri ikauke, na muda wote huo Karani akamsimulia jinsi mafundi wa zamani walivyokuwa hawana haraka.

Mara ya tatu kona iligoma vilevile, na mkanda wa juu wa nikeli ukachomoka, ukaruka, ukampiga Kimya kwenye paji la uso. Kimya akauokota. Akauangalia kama umepinda, akauweka mezani na kwenda kunywa maji.

"Kikandamize tu," Karani alisema. "Kitaingia."

"Kitavunjika."

"Kidogo tu, shemeji."

"Shemeji, hakuna kioo kinachovunjika kidogo tu."

Saa sita ilikuwa imefika. Jasho lilikuwa limemlowanisha mgongo, maji ya sabuni yalikuwa yamemwingia kwenye mkono wa gauni mpaka kwenye kwapa, na hamu ya kumfungia shemeji yake ndani ya buti ilikuwa inamjia na kuondoka. Alishusha pumzi. Akaacha kukiangalia kioo, akaiangalia fremu.

Alipitisha kidole ukingoni, kutoka upande wa abiria. Chuma kilikuwa baridi, chembamba, sawasawa. Alipofika kona ya dereva, kidole kikapanda kilima. Akarudi, kikapanda tena. Akachukua ncha ya bisibisi, akakwaruza pale ambapo mpira ungepaficha. Rangi ikatoka, na chini yake hakikuwa chuma. Ulikuwa unga mgumu wa kijivu.

"Unafanya nini?" Karani aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Alimwita Kimya. Mzee akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena.

"Puti," alisema. "Paa liligongwa kwa juu. Likabonyea, wakaliziba." Alifikiri kidogo. "Kioo cha zamani kilikuwa kimebanwa hapa. Kingepasuka tu, hata ungekipepea."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno mengi kuliko yote Mama Vioo aliyowahi kumsikia akisema, na yalimfanya akae chini kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Kwa miaka kumi na minne, ndugu wa mumewe hawakumwita mumewe kwa jina. Walimwita Maji Baridi. Kisa chake kilisimuliwa kila walipokutana: kijana kaoa juzi, kapewa gari la baba alioshe, kalimwagia maji ya kisima kwenye jua la mchana, kioo kikapasuka kwa mlio. Baba alipogawa vitu vyake, gari akampa Karani, akasema mbele ya watu kwamba yule mdogo mikono yake haina uangalifu. Mumewe alicheka pamoja na wenzake. Tangu siku ile hakugusa usukani wa mtu. Na lililomkera Mama Vioo zaidi ni kwamba yeye mwenyewe, fundi, aliwahi kuulizwa kama maji baridi yanaweza kupasua kioo cha moto, akajibu kwa ujuzi wake wote kwamba yanaweza. Hakuwahi kwenda kuangalia. Ufa wenyewe ulianzia kwenye kona ile ile.

"Shemeji," alisema, "paa liligongwa na nini?"

Karani alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Kabati," alisema hatimaye. "La mama. Baba alikataza kupakia mizigo juu. Nililipakia alipokuwa safarini. Kamba ikalegea, kabati likapiga kona. Nikatafuta fundi akaliziba siku hiyo hiyo."

"Kabla mume wangu hajaliosha."

"Siku nne kabla."

"Na ulijua."

"Nilidhani huenda kweli ni maji. Mwanzoni nilidhani." Akavaa miwani. "Yaliyopita si ndwele, shemeji. Tugange yajayo. Tunyooshe, tuweke kioo, yaishe hapa hapa."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa imetembea miaka kumi na minne, ikarithi gari, na sasa ilitaka kupambwa kwa nikeli. Mama Vioo alifungua mdomo, akaona yote anayotaka kusema hayafai kusemwa kwa kaka wa mumewe, akaufunga. Akanyanyuka, akakunja mikono ya gauni.

"Kimya atanyoosha chuma, maana chuma hakina kosa. Lakini kamba itavutwa na mdogo wako, mume wangu, si mimi. Kamlete."

"Yuko kazini."

"Kazini kwake ni mtaa wa pili. Unaweza kutembea."

Alitembea. Walirudi baada ya saa nzima, na kwa namna walivyoacha nafasi ya watu wawili katikati yao, alijua kwamba yamesemwa njiani. Mumewe alikuwa anaendesha mashine ya kusaga. Unga ulikuwa kwenye nyusi na masikioni. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona, ambayo Kimya alikuwa ameikwangua na kuinyoosha, ikabaki chuma kitupu, akaipapasa kwa muda mrefu.

"Baba alifariki akijua ni mimi," alisema.

Karani aliangalia viatu vyake.

"Chukua gari," alisema. "Nitakuandikia karatasi. Leo hii."

"Sitaki gari. Nilichekwa mbele ya watu, utasahihisha mbele ya watu. Wote. Na ukianza kuzungukazunguka kama kwenye faili zako, nitasimama nikuondokee."

"Nitasema."

"Haya." Akamgeukia mkewe. "Kamba iko wapi?"

Aliingia ndani ya gari, kwa mara ya kwanza tangu baba yao akiwa hai, akakaa mbele. Mkewe akamwonyesha namna ya kuvuta: usawa wa kioo, polepole, usiruke. Yeye na Kimya wakasukuma. Karani hakutoa ushauri. Kamba ilitoka chini, ikapanda pembeni, ikazunguka juu, na ilipofika kona ya dereva mpira ukameza chuma kwa sauti ndogo ya mdomo unaofungwa. Mikanda ya nikeli ilikaa mahali pake, isipokuwa kipande cha kufunika kiungo cha juu, ambacho Karani alikuwa amekisahau nyumbani. Mama Vioo hakuwa na nguvu tena ya kukasirika.

Jumapili ile Karani alisema. Alisema vibaya, kwa sentensi ndefu zenye "ikumbukwe kwamba", mpaka dada yao mkubwa akamwambia aseme kama mtu. Akasema kama mtu. Wengine walilia kwa ajili ya baba, wengine wakamkasirikia, na mmoja wao akahama kiti.

Wiki tatu baadaye mvua ya kwanza ilinyesha alfajiri. Chai haijachemka, simu ikaita.

"Shemeji, kuna tone. Ndani. Kwenye kona."

"Umekaa humo tangu lini?"

"Tangu mvua ilipoanza."

"Na madirisha umefunga?"

"Yote."

"Basi ni pumzi yako, shemeji."

Karani hakuridhika. Akaendelea kueleza umbo la tone, na Mama Vioo akaisogeza simu mbali na sikio. Mumewe, ambaye alikuwa anavaa shati la kazini, alinyoosha mkono akaichukua. Alisikiliza. Akasema, "Nakuja kuliangalia," akatafuta mwavuli, akatoka.

Hakurudi mpaka mchana. Kazini walikuwa wamempigia mara mbili. Alipoingia, mikono ya shati lake ilikuwa mikavu, na mkewe akamuuliza kama kinavuja kweli.

"Hakivuji," alisema, akivua viatu. "Tulikaa tu."