Kibali cha Kuvuka Nyasi

Siku za kliniki, Sindano alianza kumwandaa mama yake kabla chai haijachemka. Alimfunga upya kidonda cha mguu uliobaki, akamvisha soksi moja, maana mguu mwingine ulikuwa umekatwa chini ya goti kwa sababu ya kisukari, kisha akamketisha kwenye kiti cha magurudumu na kumfunika shuka mapajani. Sindano alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alilipata kwa kazi yake, ingawa waliomfahamu vizuri walisema alilipata kwa mdomo wake.

Waliishi nyuma ya nyumba kubwa ya kale, katika vyumba viwili vilivyojengwa zamani kwa ajili ya watumishi. Kutoka hapo hadi langoni palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikata katikati ya uwanja wa nyasi. Ilikuwa fupi, tambarare, na marufuku. Ya pili iliuzunguka uwanja mzima kama mtu anayemkwepa mkwewe, na ilikuwa imemwagwa kokoto nene, kwa kuwa ndivyo alivyopenda mwenye nyumba enzi zake. Asubuhi moja gurudumu la kulia lilizama, kiti kikapinduka, na Mama akaanguka kifudifudi. Sindano alipomwinua, kokoto moja ilikuwa imeng'ang'ania kwenye paji la uso wake.

"Itoe," Mama alisema. "Wasije wakasema nimeiba mali ya urithi."

Kliniki walifika wamechelewa, wakaambiwa waje wiki ijayo. Kidonda hakikuambiwa kisubiri.

Nyumba ile ililindwa kwa sheria, pamoja na viwanja vyake, miti yake, ukuta wake na kila kilichoota ndani ya ukuta. Familia ya Sindano ilirithi ruhusa ya kuishi mle nyuma, kwa vile bibi yake alikuwa dobi wa nyumba hiyo, na baadaye Mama naye alifagia veranda zake mpaka mguu ulipomkataa. Waliruhusiwa kuishi. Hawakuruhusiwa kugusa. Bomba likivuja waliandika kuomba, na walipojibiwa, maji yalikuwa yameshazoea njia yake.

Sindano alikwenda kwenye ofisi ya Kamati ya Majengo ya Kale na kuomba kibali cha kutengeneza njia ya saruji kupita kwenye nyasi, yenye upana wa kiti cha mama yake na si zaidi. Saruji angenunua mwenyewe.

"Tutalijadili," alisema Mwenyekiti, mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kupapasa meza kama anayembembeleza paka. "Lakini unajua, si mimi peke yangu. Kuna Bwana Mkubwa."

Bwana Mkubwa ndiye aliyeijenga nyumba. Alikuwa amekufa miaka mingi kabla Sindano hajazaliwa, na kaburi lake, lenye jiwe jeupe na uzio wa chuma, lilikuwa miongoni mwa vitu vilivyolindwa. Tangu kamati iundwe hakuwahi kukosa kikao. Alikuja na kofia yake, akaketi karibu na dirisha, akaacha udongo kidogo zuliani, na mhudumu akaufagia baada ya kikao. Alitengewa chai kama wajumbe wengine. Kwa kuwa haikupungua, mhudumu aliinywa jikoni. Kura yake ilihesabiwa sawa na za wengine, na watu walikubaliana kwamba hilo lilikuwa jambo la heshima, kwa kuwa nyumba ilikuwa yake.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwa Mama iliumiza na mguu. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi: Bwana Mkubwa amepinga, anasema nyasi zile alizipanda yeye.

Sindano alimsomea mama yake jibu lile akiwa amesimama. Mama alikunja na kukunjua ncha ya shuka.

"Amezipanda yeye," alisema hatimaye. "Haya. Nisukume mpaka pale ukingoni."

Jua lilikuwa linazama. Sindano alikisukuma kiti hadi mwisho wa kokoto, magurudumu yakiwa yamebakiza kidole kimoja kugusa nyasi. Mama alijaza pumzi kifuani, akaita, "Mama!" Aliita kama mtoto aliyerudi na njaa kutoka kucheza.

Katikati ya uwanja mwanamke mmoja aliibuka kutoka ardhini, akakaa kitako, akajikung'uta, akainuka na kuja. Hakuwa mzee hata kidogo. Alikufa akiwa na miaka ishirini na kitu, na umri huo ndio aliobaki nao. Mikono yake ilikuwa minene ya kukamua mashuka.

"Shikamoo, Bibi," alisema Sindano, ambaye mvi zilikuwa zimeshaanza kumtoka.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekonda hivyo?" Kisha akachuchumaa mbele ya kiti na kumtazama yule mzee aliyeketi. "Na wewe, mguu umeupeleka wapi?"

"Wameukata, mama. Sukari."

"Nilisema mimi. Nilisema uache kulamba sukari ya jikoni kwa bwana."

Mama, mwenye miaka sabini na zaidi, aliinamisha kichwa kama aliyekamatwa. Kisha wote watatu wakaingia ndani. Sindano alichemsha chai, na ndipo kwa mara ya kwanza akalisikia jambo la kifo cha Bibi likisimuliwa na mwenyewe. Mama alikuwa akilianza kila mwaka bila kulimaliza.

Kabla ya nyasi palikuwa na nyumba. Watu waliofua, waliopika na waliochota maji waliishi pale katikati, na Bibi alikuwa na chumba na jiko lake. Bwana Mkubwa alitarajia mgeni wa heshima, na alitaka mgeni huyo, akisimama verandani, aone kijani kitupu mpaka langoni. Basi nyumba zikavunjwa, na ilikuwa masika. Watu walilala chini ya turubai. Bibi alishikwa na kichomi, akafua siku tatu akiwa nacho, siku ya nne akafa. Walimzika palipokuwa jiko lake kwa sababu udongo wa hapo ulikuwa mkavu kidogo. Kisha nyasi zikaletwa zikiwa zimekunjwa kama mikeka, zikatandikwa juu.

"Mgeni alikuja?" Sindano aliuliza.

"Alikuja. Alikaa ndani muda wote. Mvua ilikuwa inanyesha."

Sindano aliweka kikombe chini. "Bibi, utakuja kuyasema hayo kwenye kamati?"

"Nitakuja. Lakini nitafutie gauni. Hili ndilo nililozikwa nalo."

Alimshonea la bluu, lenye mifuko miwili, kwa sababu Bibi alisema hajawahi kuwa na nguo yenye mifuko.

Siku ya kikao walikwenda wote watatu. Ukumbi wa kamati ulikuwa ghorofani na ngazi zake zilikuwa za kale, nazo zimelindwa, hivyo Mama akabaki chini mapokezi. Mlinzi aliwazuia pia wale wawili.

"Marehemu wanapita mlango wa nyuma," alisema, bila ubaya.

"Mbona yule amepita mbele?" Sindano alimwonyesha Bwana Mkubwa, aliyekuwa anapanda ngazi akijishikilia kwenye reli ya ngazi.

"Yule ni mjumbe, dada yangu."

Walipita mlango wa nyuma. Ukumbini Bibi hakutengewa kiti, akasimama ukutani, mikono ndani ya mifuko yake mipya. Alieleza habari ya nyumba, ya masika na ya turubai, kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza mahali alipoanika nguo. Wajumbe walimsikiliza kwa adabu. Mmoja alipiga miayo, akaomba radhi.

"Unamfahamu mwanamke huyu?" Mwenyekiti alimuuliza Bwana Mkubwa.

Bwana Mkubwa alimtazama kwa muda mrefu. "Walikuwa wengi," alisema. "Nguo zilikuja zikiwa safi."

Mwenyekiti aliipapasa meza. "Bibi, pole sana. Tuelewane lakini. Huyu bwana ni marehemu anayetambulika. Kaburi lake tunalo. Lako liko wapi?"

"Chini ya nyasi zake."

"Lina jiwe?"

"Halina."

"Lina uzio, alama, chochote?"

"Lina mimi."

"Basi kwa mujibu wa kanuni," alisema Mwenyekiti kwa masikitiko ya kweli, "hapo pana nyasi. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo."

"Nipo," alisema Bibi. "Nimesimama mbele yako. Hujanipa hata kiti."

Mhudumu alitaka kuleta kiti, lakini Mwenyekiti alimwashiria kwamba kikao kinakaribia kwisha. Ombi lilikataliwa kwa kura zote. Kisha, kabla ya kufunga, walipitisha ombi la Bwana Mkubwa. Nyumba ilikuwa imeanza kukodishwa kwa harusi, na alitaka upande wa mashariki wa nyasi umwagwe saruji ili magari ya wageni yapate pa kuegeshwa. Hakuna aliyepinga. Mjumbe mmoja alishauri saruji itiwe rangi ya kijani.

Sindano alikuwa ameahidi kunyamaza. Ahadi ile ilimshinda.

"Saruji ya magari si saruji?"

"Binti, ile ni ya muda tu."

"Muda gani?"

"Mrefu," alisema Mwenyekiti, ambaye hakupenda kudanganya.

"Mama yangu yuko hapo chini, anaoza mguu wa pili! Nimewaomba upana wa kiti kimoja. Kimoja! Gari linapita, mtu hapiti. Mtu aliyefukiwa humo ndani mmemwambia hayupo, na huyu aliyemfukia mnampa chai! Chai yenyewe hanywi!"

"Enzi zangu," alisema Bwana Mkubwa akitazama nje ya dirisha, "hawakupanda ghorofani."

Mlinzi aliitwa. Alikuja polepole, kwa kuwa hakuwa na haraka ya kumshika mtu aliyesema kweli, lakini alikuja. Ndipo Bibi akatoa mkono mmoja mfukoni.

"Mnachokilinda ni nyasi zisikanyagwe," alisema. "Binti yangu nitambeba mimi, na mimi sikanyagi. Tazameni zulia."

Walitazama. Nyuma ya Bwana Mkubwa palikuwa na udongo na alama za viatu, maana yeye alizikwa na viatu vyake na uzito wake wote. Pale aliposimama Bibi hapakuwa na kitu. Uzito wake ulikuwa umeisha zamani, hakuna aliyeutunza.

Mwenyekiti alifungua kanuni, akalowesha kidole, akatafuta. Hakukuwa na katazo dhidi ya kitu kisichoacha alama. Bibi aliruhusiwa kumvusha binti yake juu ya nyasi, mradi asisimame njiani na asipite siku za harusi. Kamati ilionekana kuridhika. Mwenyekiti alimpa Sindano mkono, naye hakuupokea.

Tangu hapo, asubuhi za kliniki, Bibi aliinuka kutoka katikati ya uwanja, akaja mpaka mlangoni, akapiga magoti. Mara ya kwanza Mama alikataa.

"Mimi mzito, mama. Utaumia."

"Ulikuwa mzito zaidi usiku uliokuwa hutaki kulala. Panda."

Mama alipanda. Aliizungusha mikono yake yenye makunyanzi kwenye shingo ile changa, akalaza shavu mgongoni, na mzee yule akabebwa kwenda langoni juu ya nyasi ambazo hazikuinama. Sindano alizunguka na kiti kitupu kwenye kokoto, akisukuma na kutukana, na mara zote wenzake walifika kabla yake. Kidonda kilianza kukauka. Mguu wa pili ulibaki. Daktari alisema wanaitunza vizuri ratiba.

Saruji ya magari ilimwagwa. Jumamosi za harusi Mama alikaa ndani, na kama kliniki iliangukia siku hiyo, hakwenda. Sindano aliandika tena kuomba njia. Akajibiwa kwamba mgonjwa tayari ana usafiri.

Kisha wageni wakaanza kuja kumtazama Bibi. Mwongoza wageni, kijana mchangamfu mwenye kipaza sauti, aliwapanga verandani karibu na kiti ambacho Bwana Mkubwa alikalia asubuhi, wakasubiri. Kila mara walimwona yule mwanamke wa gauni la bluu akija na mzigo wake, na kila mara, alipofika mahali fulani katikati ya uwanja, aliinamisha kichwa na mabega, na yule mzee mgongoni naye akainama. Hatua mbili mbele wakanyooka, wakaendelea.

Sindano alimuuliza siku moja kwa nini.

"Mlango wangu ni mfupi," alisema Bibi. "Boriti itampiga mtoto."

Sindano alikiacha kiti kwenye kokoto, akapanda verandani, akamweleza mwongoza wageni jambo hilo neno kwa neno: mlango ulikuwa pale, boriti ilikuwa pale, na nani aliuvunja. Kijana alimsikiliza vizuri, hata akamshukuru. Bwana Mkubwa alikuwa ameketi hapo hapo, mikono juu ya magoti. Kesho yake wageni wengine walipangwa, Bibi akatokea na binti yake mgongoni, akafika katikati, akainama.

"Na hapa," alisema kijana kwenye kipaza sauti, "kama mnavyoona, bado anamsalimia bwana wake."

Wageni wakapiga makofi. Bwana Mkubwa akaitikia kwa kichwa.