Jina la Surutia

Mwaka 1998 Kaluki, ambaye wateja walimwita Mama Katee, alikuwa akipiga taipu Kitengela, katika kibanda chake nyuma ya soko. Kikundi cha akina mama wa Kimaasai kilikuwa kimealikwa kwenye maonyesho ya utamaduni mjini Kajiado, na kila pambo lilitakiwa liwe na kadi ya Kiingereza inayosema ni la aina gani. Kadi za mikufu na bangili alizimaliza haraka. Ndipo Naisenya, mwenyekiti wao, akafungua kitambaa na kuweka mezani surutia zake mbili, waya wa shaba uliozungushwa kama gamba la konokono.

"Hizi zinaning'inia masikioni," Kaluki alisema, akapiga: Earrings.

"Umeandika nini?"

"Herini."

Naisenya akatikisa kichwa. "Herini hata msichana anavaa. Hizi ni za bibi ya mtu, aliyeolewa. Mzee wake akifa, anazitoa. Mimi nilitoa zangu mwaka juzi."

Kaluki akachomoa kadi. Akapekua kamusi yake nene mpaka akapata "mourning jewellery", mapambo ya msiba. Alipoeleza, Naisenya alicheka kidogo.

"Sasa umegeuza. Msiba ukija ndipo unazitoa."

"Basi wedding jewellery. Ya harusi."

"Harusi ni siku moja, Mama Katee. Hizi nimelala nazo, nimekamua ng'ombe nazo, miaka ishirini na sita."

Kaluki akaigusa pete yake ya ndoa. Mumewe, Mulinge, alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na pete bado ilikuwa kidoleni mwake. Kanisani walishaanza kumuuliza ataivua lini.

"Ulijisikiaje ulipozitoa?" aliuliza.

"Masikio yalikuwa mepesi, na sikupenda. Kila saa napeleka mkono, nakuta hakuna kitu." Naisenya aliutazama mkono wa Kaluki. "Hiyo yako hawajakuambia utoe?"

"Wameniambia. Lakini siko tayari."

"Basi kaa nayo. Kwetu kuna desturi. Kwenu ni wewe unaamua."

Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia Kaluki hivyo. Aliweka kadi mpya, akapiga polepole: A wife's ornaments. Akaisoma kwa sauti, kisha kwa Kiswahili: mapambo ya mke.

"Hiyo sasa ndiyo yenyewe," Naisenya alisema.

Huko Kajiado, msimamizi wa maonyesho alilalamika kwamba aina hiyo haimo kwenye orodha yake. Naisenya akamwambia aiongeze. Akasimama palepale mbele ya meza mpaka yule bwana akatafuta kalamu, akaiongeza.