Taa Nyekundu Kwenye Tambarare

Mama Mapacha, jirani wa ukuta mmoja, alidai pikapu ilishuka mlima haina mtu. Asubuhi alisema dereva alikuwa amelala. Kufika mchana, dereva alikuwa ameruka dirishani, na pikapu ikapiga honi yenyewe kumwonya aondoe wanawe njiani.

"Yenyewe, Mama Mapacha?" mtu mmoja akauliza.

"Wewe ulikuwepo? Mimi nilikuwepo!"

Ukweli ni kwamba dereva alikuwa ndani, mikono yote kwenye usukani. Breki zilipogoma aliielekeza pikapu kwenye lundo la mchanga wa wajenzi, ikazama hadi taa. Mapacha walikuwa wakicheza upande wa pili wa lundo hilohilo. Binti wa dereva alijua yote hayo kwa sababu alikaa kando ya baba yake.

Nyumba nzima ilikula kwa mgongo wa pikapu hiyo ya kubeba matofali, nao kwa heshima ya umri wake waliiita Bibi. Fundi akatoa upepo kwenye breki, akabadilisha pedi, akaizungusha uani. "Mzee, breki hizi ukizikanyaga vibaya utatokea kwenye kioo." Siku chache baadaye zikapotea tena, walipokaribia chini ya mlima, na harufu ya kuungua ikajaa ndani. Walipokaa kidogo magurudumu yakapoa, breki zikarudi kama hazijawahi kwenda popote.

"Zikipata moto hazishiki," Fundi alisema. Aliinua gurudumu mojamoja, akalizungusha kwa mkono. Yote yalizunguka laini. "Sasa moto wenyewe unatoka wapi?"

Binti, ambaye alikuwa amechuchumaa pembeni muda wote huo, akauliza, "Fundi, wewe umewahi kushuka nayo mlima?"

"Mimi kazi yangu kufungua na kufunga, dada. Kushuka ni kazi ya mzee."

"Leo shuka."

Akashuka na matofali nyuma, kwa gia ndogo. Chini akagusa magurudumu: vuguvugu tu. "Bibi mzima kuliko mimi!"

Ikawa zamu ya baba. Walipunguza matofali, Fundi akakaa pembeni ameshika breki ya mkono. Mama Mapacha aliwafungia wanawe ndani, akabaki mlangoni amekunja mikono kama aliyelipia kiingilio. Binti aliomba ashushwe katikati ya mlima, pale barabara inapolala kidogo kabla ya kuinama tena. Hapo hata mwenye baiskeli hulazimika kukanyaga pedeli ili aendelee.

Bibi akampita. Taa za breki zilikuwa zinawaka. Akangoja zizime. Hazikuzima mpaka pikapu ilipopotea kwenye kona.

Alipowafikia chini, moshi mwembamba ulikuwa ukitoka kwenye magurudumu ya mbele.

"Baba, pale kwenye tambarare ulikanyaga breki ya nini?"

"Sikukanyaga."

Baba yake hakuwa mtu wa uongo, na hilo ndilo lililomtisha. Akakumbuka ndara. Wiki iliyopita baba alirudi nyumbani na ndara moja, mguu wa kulia mtupu, vumbi hadi kwenye kifundo, na hana habari. Walicheka mpaka mama akashika mbavu. Baba mwenyewe alicheka kuliko wote.

Akamsogelea. Baba alikuwa akimweleza Fundi habari za oili ya breki. Binti akaweka kisigino juu ya vidole vya mguu ule wa kulia, akakandamiza. Baba akaendelea kuongea. Akaongeza uzito.

"Oili za siku hizi, Fundi, ni maji ya kunawia..."

Fundi alitazama chini, kicheko kikamkauka. Ndipo baba naye akatazama. Kisigino cha mwanawe kilikuwa palepale.

"Tangu lini mguu huu hausikii unachokanyaga, baba?"

"Unakufa ganzi, unarudi." Alisema kama anayezungumzia mguu wa mtu mwingine. "Siku hizi hauna haraka ya kurudi."

Fundi akaanza kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika.

Kule mlangoni Mama Mapacha, baada ya kuona hakuna kilichopaa, aliwafungulia wanawe. Wakatoka mbio wakiwa na makopo yao hadi kwenye mchanga. Baba aliwatazama mpaka wakakaa.

Binti akafungua kiganja.

"Baba, naomba ufunguo."

Baba akaigeukia Bibi, akavuta mkono wa shati, akaanza kufuta kioo mahali palipokuwa pasafi tayari.