Mji Uliobaki Kwenye Mkunjo

Dereva mmoja alimimina chai kwenye kikombe cha bati pale bandarini, akakiweka juu ya dashibodi, akawasha lori. Alipofika mpakani chai ilikuwa bado ya moto, hainyweki. Akaipuliza kidogo, akainywa huku makuli wakishusha mzigo.

Hiyo ndiyo kazi ya Sera ya Taifa ya Usafirishaji, na mwenye haki hakuweza kuitia doa. Zamani kontena lilikaa bandarini mpaka likaota kutu. Sasa makaratasi yalimalizwa kwenye dirisha moja hata kabla meli haijatia nanga. Zamani nyanya zilifika mpakani zimekuwa rojo, na dereva alifika hana hali, mgongo umepinda kama ndoano. Sera ikaagiza muda wa safari upunguzwe. Mafundi wa wizara wakaishika barabara huku na huku, wakaikunja katikati kama shuka, wakaunganisha ncha na ncha. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Madereva walisubiri kando wakicheza karata, kisha wakaendelea na safari.

Sehemu ya katikati ikabaki ndani ya mkunjo. Humo mlikuwa na mashamba, shule, mizani ya zamani ya malori, na mji mdogo ambamo mke wa dereva huyu alikuwa na hoteli ya kulisha madereva wenzake. Alikaa na mama mkwe wake, bibi mwenye kisukari na ulimi usiokuwa na breki. Bibi huyo ndiye aliyempa mwanawe jina la Stepini, siku alipoajiriwa kuwa dereva wa akiba, na jina likaganda hata baada ya kupewa lori lake.

Simu zilipita. Ila sauti ya mkewe ilisafiri kwa njia ya zamani, ikipanda milima na kushuka, ikamfikia mumewe imechelewa na imekauka koo. Stepini akiuliza asubuhi mama kaamkaje, jibu lilimkuta jioni yuko mezani anakula. Wakazoea. Kila mmoja alisema yake yote kwa mkupuo, kisha akaendelea na kazi zake.

"Baba, hoteli nimefunga," sauti ya mkewe ilisema jioni moja. "Nimpikie nani? Na dawa ya mama ya sindano inakwisha. Zahanati wanasema gari la dawa halijui tena pa kuingilia. Mama anasema nikuulize kama na wewe umesahau."

Kesho yake Stepini akavaa shati la kola, akaenda kumwona afisa wa sera. Afisa alikuwa mtu wa adabu. Alimvutia kiti, akampa maji ya kunywa.

"Mji wenu haujabomolewa," akamweleza. "Hakuna nyumba iliyoguswa wala mtu aliyehamishwa. Ndiyo maana hata suala la fidia halikuwepo."

"Hilo nalielewa, mkuu. Mimi naulizia dawa."

"Dawa ya wapi?"

"Ya katikati."

Afisa akageukia ramani iliyokuwa ukutani nyuma yake, akaitazama kwa nia njema kabisa. "Ndugu yangu, katikati hakuna. Kuna mwanzo na kuna mwisho. Lakini tutakapoipitia sera upya, hoja yako tutaiangalia."

Stepini akashukuru, akaondoka. Penye nia pana njia, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na habari ya njia iliyokunjwa. Akanunua dawa kwenye hospitali ya mpakani, ambayo siku hizi haikupungukiwa na kitu, akaifunga na barafu. Kisha akampigia mkewe kumwambia asimame pale mji unapoishia, upande wa bandari, na asubiri.

Mahali pa mkunjo palijulikana. Palikuwa na mstari mwembamba uliokata lami, kama alama ya pasi kwenye suruali, na matairi yalipopita juu yake yalisema tuk. Stepini akaegesha lori, akashuka. Hapo hapo simu ikalia. Alikuwa dada wa chumba cha kuongozea magari.

"Stepini, mbona umesimama?"

"Natazama taa, dada."

"Taa gani?"

"Ya nyuma."

"Fanya haraka basi. Unaharibu wastani wa nchi wa muda wa safari."

Akapiga goti, akapenyeza mkono kwenye mstari mpaka begani. Ndani kulikuwa na joto. Akapapasa hewani, akapapasa majani, kisha mkono mwingine ukamshika. Aliutambua kwa kovu la mafuta ya moto kwenye kidole gumba. Haukupokea dawa upesi. Ulikaa kwanza umemshika, ukampima vidole kimoja kimoja kama mtu anayechagua maharage, halafu ndipo ukachukua kifurushi. Ulipomaliza, ukamfinya. Stepini akarudi kwenye lori akiwa na furaha iliyochanganyika na kitu kingine, na hakukitafutia jina.

Habari zikaenea. Madereva wengi walikuwa na mtu wao katikati: huyu mama mdogo, yule shemeji, mwingine mchumba ambaye hakutaka atajwe. Malori yakaanza kusimama pale, na wanaume wazima wakalala kifudifudi kwenye lami, mikono imezama, mashavu yamebanwa na kokoto. Waliingiza sabuni, madaftari ya shule, miwani. Wastani wa nchi ukapanda.

Ndipo afisa akaja mwenyewe, nyuma yake mtambo wa kushindilia barabara. Hakufoka. Akawasalimu madereva wote kwa mkono, akaeleza kwamba ule mstari unavunja mayai ya watu na unachelewesha mizigo, kwa hiyo utapigwa pasi mchana huo.

"Na walioko ndani?" Stepini akauliza.

"Watabaki ndani. Hakuna atakayewagusa."

Dereva wa mtambo akawa anasubiri maji yajae kwenye tangi. Stepini akarudi kwenye lori, akavuta breki ya mkono, akachukua dawa aliyokuwa ameinunua siku hiyo. Injini aliiacha ikinguruma ili mwenzake atakayelichukua asipate taabu. Akalala kifudifudi, akaingiza mkono, kisha bega, kisha kichwa. Kiuno kilikwama kidogo. Afisa akasogea na kumsukuma viatu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kusaidia watu.

Chumba cha kuongozea kikatuma dereva wa akiba. Lori likafika mpakani ndani ya muda.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye jiwe pale mji unapoishia, kanga imetandwa kichwani kwa ajili ya jua.

"Umeingia mzima mzima?"

"Mzima mzima."

"Na kutoka?"

Nyuma yao kulisikika kitu kizito kikisagasaga, kwenda na kurudi, kisha kukawa kimya. Wakashika njia ya nyumbani. Nyasi zilikuwa zimeota katikati ya barabara, na mizani ya zamani ilikuwa imepata mbuzi wa kupima.

Bibi alikuwa barazani, miguu imevimba. Akamtazama mwanawe kuanzia juu mpaka chini.

"Umechelewa," akasema, akanyoosha mkono apigwe sindano.

Mkewe akafungua hoteli, akainjika chungu kwa ajili ya watu watatu. Walipokuwa wakila, sauti ikapita juu ya mabati, nyepesi, kama mtu anayeburuta kitambaa: tuk haikuwepo tena. Bibi akainua macho kwenye paa.

"Ndio hayo malori?"

"Ndiyo, mama."

"Yamebeba nini?"

Stepini alisikiliza. Alilijua kila lori kwa mngurumo wake.

"Hayo ni ya dawa."

"Yanawahi," alisema bibi.

"Yanawahi sana," Stepini akakubali, akamsogezea mboga.