Buti Zisizokunjwa

Shemeji yangu, mume wa dada, aliitwa Kanali na watu wote, ingawa maisha yake ya kazi aliyamaliza katika idara ya mizani na vipimo, na silaha nzito kuliko zote alizowahi kushika ilikuwa muhuri. Jina alilipata kwa namna yake ya kusimama. Alisimama vizuri mno. Sijapata kuona mtu mwingine mwenye ustadi wa kusimama kama ule, wala sijapata kuona kwake ustadi mwingine.

Alipostaafu alinunua farasi jike wa kijivu, kisha akamwachia binti yake mambo madogo madogo: kumlisha, kumsugua, kumfundisha, na kumkanda mguu wa mbele miezi yote aliyokuwa mgonjwa. Mguu ulipona. Hata hivyo wakuu wa chama cha farasi walikwisha kuingiwa na shaka, wakaamua aonyeshwe mara moja mbele ya mwamuzi, siku ya shindano la wenye farasi. Akionekana mzima, ataendelea kuingia uwanjani. Akionekana anachechemea, asirudi tena. Binti alikonda kwa kuingoja siku hiyo. Baba yake naye alijiandaa kwa namna yake: alikwenda kununua buti, kwa kuwa katika shindano hilo ni mwenyewe anayepanda, na mwenyewe alikuwa yeye.

Niliandamana nao dukani kwa sababu gari lilikuwa langu. Muuzaji, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi, alileta jozi tatu za buti ndefu, akaeleza bila haraka kwamba buti za kupandia huchaguliwa mtu akiwa ameketi na goti limekunjwa. Ngozi mpya haina budi kuwa ndefu kidogo na kumkera mtu nyuma ya goti. Ikishazoea, hujikunja penye kifundo na kushuka. Pembeni palikuwa na gogo lililofungwa tandiko kwa ajili ya jaribio hilo.

"Kaa hapo juu, mzee, ukunje goti tuone."

"Nikikunja zitaingia mikunjo."

"Ndiyo kazi yake, baba. Zisipokunjika zenyewe zitakukunja wewe."

"Baba, si ukae tu?" binti akasema.

"Binti yangu, siku ile anaonyeshwa farasi na ninaonyeshwa mimi. Umeona wapi mtu anaonyeshwa akiwa na makunyanzi?"

Nilimtazama uso, nikahesabu makunyanzi.

Alichagua jozi ndefu kuliko zote na ngumu kuliko zote. Haikuwa na zipu, kwani zipu, alitufahamisha njiani, ni kitu cha watu wenye haraka. Alijipima akiwa wima mbele ya kioo, na kioo kikaafiki. Ndivyo vioo vilivyo.

Buti za namna hiyo hulainishwa kwa kuvaliwa nyumbani kila siku kidogo kidogo, juu ya soksi nene, mtu akipanda na kushuka ngazi, huku ngozi ya kifundoni ikipakwa mafuta. Haya huwauma wote, matajiri na wasio matajiri, wala hakuna aliyegundua njia ya mkato. Kanali aliigundua. Kila jioni alizivaa, akasimama sebuleni kama sanamu inayosubiri kuzinduliwa, akazivua, akazijaza magazeti, akazirudisha juu ya kabati. Dada yangu alizifuta vumbi.

"Wenzangu huletewa mke mwenza," aliniambia. "Mimi nimeletewa buti."

Binti alisihi. "Tembea nazo hata mpaka jikoni, baba."

"Jikoni kuna mafuta."

"Basi nipe mimi nizitembeze."

"Zishike umbo la mguu wako? Nitavaa nini?"

Hilo lilikuwa jibu sahihi, la pekee alilolitoa katika suala zima, na alilitoa ili asifanye lolote.

Siku ya maonyesho alipandishwa juu ya farasi kwa msaada wa stuli na mabega yangu. Juu ya tandiko, sina budi kukiri, hakuchukiza. Miguu ilinyooka pande mbili kama mkasi uliofunguliwa, lakini farasi wa kijivu alimbeba kwa subira, na watu wasiojua walidhani huo ni mtindo. Baadaye mwamuzi, mwanamke mrefu wa maneno machache, aliamuru wote washuke, waondoe matandiko, kisha kila mmoja amkimbize farasi wake kwa mguu, aende moja kwa moja na kurudi. Hapo ndipo miguu ya farasi hutazamwa.

Kanali alishuka kama ngazi inayoteremshwa ukutani. Akaanza kukimbia.

Ngozi ilikataa kukunjika kifundoni na ilimkata nyuma ya goti, hivyo alirukaruka kwa mguu wa kushoto na kuuburuta wa kulia. Asianguke, alijishikilia kwenye hatamu. Kila alipozama upande wa kulia alikivuta chini kichwa cha farasi, naye farasi, aliyefundishwa adabu na binti, alizama pamoja naye. Walikwenda hivyo na kurudi hivyo. Mwamuzi alimwambia karani wake neno moja, anachechemea, na midomo yake ilisomeka tangu kwenye uzio.

"Ule mguu wake," Kanali alisema alipotufikia, akihema. "Nilijua tu. Amenivunjia siku."

Binti alichukua hatamu, akamfunga farasi kwenye uzio. Tulimkalisha Kanali nyuma ya gari ili tumvue buti, lakini miguu ilikuwa imevimba.

"Vuta, shemeji."

"Navuta."

"Unanivuta mimi. Vuta buti."

Binti alichukua mkasi wa kukatia bandeji, akaufungua. Baba yake akazikumbatia buti zake kwa mikono miwili.

"Hukati."

"Sikati," binti akasema, akanikabidhi mkasi. "Inuka hivyo hivyo uende kwa mwamuzi kabla hajatoka uwanjani. Mwenye farasi akiomba, anaweza kutazama tena. Mwambie nani alikuwa anachechemea."

"Nimwambie mimi, mtu mzima, sikuweza kukimbia?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watu?"

"Walishaona, baba."

Alisubiri nimtetee. Nilikuwa nikiuchunguza mkasi.

Akaenda. Ulikuwa mwendo mrefu kwa mtu asiyekunja miguu, na majukwaa hayakuwa na shughuli nyingine ya kutazama. Sisi tulifuata na farasi. Alifika, akasimama, na kusimama kwenyewe, kwa mara ya kwanza, hakukumsaidia.

"Mheshimiwa," akasema, "uwanja huu hauko sawa."

"Uwanja?"

"Na buti ni mpya."

"Naziona."

Alimgeukia binti yake. Binti aliangalia mbele.

"Aliyechechemea ni mimi."

"Farasi naye alichechemea."

"Nilikuwa nimemning'inia."

Mwamuzi alimtazama kuanzia kofia mpaka kisigino, bila haraka na bila huruma. "Akimbizwe tena," akasema. "Na mtu mwenye miguu."

Binti alishika hatamu ikiwa imelegea, akakimbia katika viatu vyake vya raba vilivyochakaa. Farasi wa kijivu alinyoosha shingo, akaenda moja kwa moja na kurudi, kwato zikilia kwa mapigo sawa.

"Mzima," mwamuzi akasema, na karani akafuta alichoandika. Zawadi hawakupata, wala hakuna aliyeitaja. Binti hakurudi kwetu. Aliendelea kukimbia na farasi wake mpaka lango la mbali, mbali kupita ilivyotakiwa.

Bwana mmoja aliyeegemea uzio alimuuliza Kanali yule msichana ni nani.

"Ndiye mwenye farasi," Kanali akasema.

Nilingoja aongeze neno, kwa kuwa haikuwa desturi yake kuiacha sentensi ikiwa fupi kiasi hicho. Badala yake alininyooshea mguu wa kulia ili niikate buti.