Beseni Lake Mwenyewe

Theopista alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja alipokubali kuolewa na Krispini, wala hakuna aliyemshawishi. Aliliwaza jambo hilo siku nyingi, akalipima kwa akili yake yote, na mwisho akajiridhisha kwamba safari hii hakosei.

Ndoa ya kwanza alikuwa ameimalizia Sitalike. Aliishi na mume yule miaka mitano bila kupata mtoto, kisha akarudishwa kwa kaka yake Agustino, Mwamkulu, kama mzigo uliokosa mpokeaji. Kwa kaka yake alipanda mpunga, akapalilia, akavuna. Lakini kila alipotaka kuchota mchele ghalani ilimbidi kwanza amuulize wifi yake. Mwaka 1992 akapanda lori lililokuwa likienda Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, kufuata dagaa, akiwa na kanga mbili na beseni moja la bati.

Ikola ndiko alikojijua. Katika siku za giza, mwezi usipoonekana, mitumbwi ilitoka jioni na taa za karabai, ikarudi alfajiri. Wanawake waliisubiri mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, kwa foleni, kila mmoja na beseni lake. Ikifika zamu yako unanunua, unatandaza mahali pako, unageuza mpaka dagaa wakauke, kisha unauza kwa unayemtaka. Theopista alipata mahali karibu na Donatille, mama wa makamo aliyetoka ng'ambo ya ziwa, na kazi akaijulia kwake. Lakini jambo moja alilizidisha mwenyewe: alikata nyasi, akazikausha, akazitandika chini ya dagaa ili mchanga usiwashike. Haukupita mwaka, wafanyabiashara wa Mpanda wakishuka kwenye lori walikuwa wakiuliza kwanza, wako wapi dagaa wa Theopista?

Kwa mara ya kwanza maishani alinunua chumvi bila kumwambia mtu.

Hata hivyo, zilipofika siku za mbalamwezi na mitumbwi ikalala ufukweni, Theopista aliisikia nyumba yake ya chumba kimoja ikiwa kimya kupita kiasi. Alitaka kupendwa. Kutunzwa alishatunzwa, akaona mwisho wake. Alichotamani ni mwanamume atakayemkuta na kazi yake mkononi na kumpenda pamoja nayo.

Krispini alikuwa mjane, mwenye mitumbwi miwili na wavu. Siku moja aliokota dagaa mmoja mkavu juu ya nyasi za Theopista, akamtafuna, akauliza, "Wako hawana mchanga. Unafanyaje?" Kisha akachuchumaa kusikiliza jibu, na akalisikiliza mpaka mwisho. Hakuna mwanamume aliyewahi kumuuliza Theopista namna anavyofanya kitu chochote. Alipoleta posa alisema hataki mwanamke wa kukaa ndani. Kazi yake ataendelea nayo. Wakafunga ndoa kanisani baada ya Pasaka ya mwaka 1995.

Asubuhi ya kwanza mitumbwi iliporudi, Theopista alichukua beseni lake akasimama kwenye foleni kama kawaida. Kalista, mjane mwenye ulimi mwepesi aliyezoea kusimama nyuma yake, akamvuta kanga.

"Toka hapa, bibi harusi. Mwenye mitumbwi naye anapanga foleni na sisi walalahoi? Au umekuja kutuhesabu?"

Wanawake wakacheka, wakampisha. Vijana wa Krispini wakamjazia beseni mpaka likamwagika, bila kumdai kitu. Theopista akapita mbele ya wenzake shingo imenyooka, na siku ile aliamini amepata vyote viwili, mapenzi na uhuru. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na alilifanya akitabasamu.

Kwa maana pale mwaloni mwanamke ni mwenye kitu alichokinunua. Dagaa wanaotoka mtumbwini kwenda kwa mke wa mwenye mtumbwi ni dagaa wa nyumba, na nyumba inapouza, anayesema bei ni mume. Theopista alikuwa ameliona hilo kwa wake wengine wa wavuvi tangu siku alipofika. Aliwadhania ni wanawake wasiojua kazi.

Badala ya beseni moja sasa alitandaza kumi, na nyasi alizikatia yote kumi. Krispini hakumpiga, hakulewa, alimnunulia vitenge, akaezeka nyumba kwa bati. Lori lilipofika alijadiliana na wafanyabiashara huku mkewe akishona midomo ya magunia. Ilipofika masika ya pili, watu wa Mpanda walikuwa wakiuliza, wako wapi dagaa wa Krispini, wale wasio na mchanga?

Siku aliyolisikia swali hilo, Theopista alishindwa kula. Jioni alimwomba mumewe ampe beseni moja tu kila msimu wa giza, liwe lake.

Krispini akacheka kwa upendo. "Moja la nini, mama? Yote si yako?"

"Kama yote ni yangu, basi hilo moja niuze mimi."

Kicheko kikamkauka mumewe. Akauliza, "Unatafuta nauli?"

Theopista alieleza, akaapa kwamba haendi kokote, lakini kila alipozidi kueleza ndivyo alivyozidi kufanana na mtu anayejiandaa kuondoka. Wiki iliyofuata alichukua dagaa wa beseni moja, akawauza mwenyewe kwa Manyanda, Msukuma aliyenunua kwa ajili ya soko la Mpanda. Kabla ya adhuhuri Krispini alikuwa ameshasikia. Akamchukua mkewe wakaongozana mpaka kwenye lori, akamrudishia Manyanda fedha yake, akaushusha mfuko wa dagaa mbele ya watu.

"Mnisamehe," alisema kwa sauti ya upole. "Mke wangu hakuiba. Amekosea tu."

Theopista angeona nafuu kuitwa mwizi. Mwizi angalau hujulikana kwamba alikuwa anakitaka kitu.

Akajaribu njia iliyobaki. Alfajiri moja alikwenda upande wa pili wa mwalo, kwenye mtumbwi wa Méthode, akasimama foleni akiwa na pesa aliyopata kwa kuuza kitenge. Méthode alipomwona aliinamisha kichwa.

"Shemeji, usiniponze. Nikikuuzia, ni sawa na kumwambia mwenzangu kwamba hawezi kukulisha. Nitamtazamaje kanisani?"

"Kwake kumejaa, amekuja kwetu kuomba!" mtu alisema nyuma, na foleni nzima ikacheka.

Alipita kwa Donatille akamweleza. Donatille hakumficha neno. Mahali pake pa zamani palikuwa pa Kalista sasa, maana Kalista alikuwa na watoto wanne, na Theopista mwenyewe ndiye aliyepaacha. Labda mke wa mtu asipokuwa tena mke wa mtu, alisema Donatille, anaweza kuanzia mwisho wa foleni kama mgeni.

Theopista alilala na neno hilo. Kulipopambazuka alimwambia Krispini kwamba anampenda, na kwamba hata hivyo ataondoka, arudi kwenye chumba chake na kununua dagaa kama zamani.

Krispini hakupandisha sauti. Aliketi ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba. "Sitakuzuia," alisema. "Lakini nani atakuuzia?"

Halikuwa tishio. Alikuwa akiuliza kweli, akitafuta pamoja naye, na alianza kuwataja wenye mitumbwi kwa vidole. Méthode alishakataa. Yeye na Antoni walikuwa wakivuta wavu pamoja tangu ujana. Abednego alikuwa msimamizi wake wa ndoa. Enoka alikopa karabai kwake. Alifika kidole cha saba, akamngoja mkewe aongeze.

Theopista alipita mwalo mzima kichwani, kutoka mtumbwi wa kwanza mpaka wa mwisho, akitafuta jina moja tu. Wote walikuwa wamekula pilau ya harusi yake.

"Si unaona," alisema Krispini taratibu, akaushika mkono wake.

Aliuacha mkono ule pale uliposhikwa. Nje jua lilikuwa limeshapanda, na dagaa walikuwa wanahitaji kugeuzwa.